Ndoana ya Bi Siwema

Nimeletewa hadithi hii na shangazi yangu, na nimeona ni uchoyo kukaa nayo peke yangu. Isome, halafu umpelekee mwenzio.

Palikuwa na mwanamke aliyeitwa Bi Siwema, mkuu wa diko, pale wavuvi wa mtoni wanapofikishia mitumbwi yao. Ukutani kwake ilining'inia ndoana nene iliyowahi kumnasa kambale mkubwa mpaka wanaume wakaitana kumvuta. Mgeni hakupewa hata maji kabla ya kuonyeshwa ndoana hiyo.

Alipoona nguvu zinapungua, aliwaita wanawe, Mshamu na dada yake Somoe. Aliwaambia kila mmoja achague zana moja tu, aende mtoni. Atakayeshinda atashika diko, na atakayeshindwa atashika jembe. Somoe tangu utotoni hakutaka kazi nyingine ila mto.

Siku hiyo mvua za bara zilikuwa zimeleta maji mekundu ya tope. Mshamu hakusubiri, akaiangua ndoana ya mama yake ukutani. Watu wakamsifu kwa kuheshimu urithi.

Somoe alikwenda kwanza mtoni mikono mitupu. Alitia mkono majini, asivione vidole vyake. Akarudi kwenye ghala la zana kuchukua mgono, ule mtego wa matete ambao kuku walishaugeuza kiota, akaujaza matumbo ya kuku yaliyovunda. Watu waliziba pua na kumwambia mwacha asili ni mtumwa. Mama yake aliendelea kushona wavu wake, na hilo lilimuuma Somoe kuliko maneno yao.

Jioni Mshamu alirudi na ndoana safi kama alivyoichukua. Somoe alirudi na tenga la kambale, maana kwenye tope samaki haoni, hunusa.

Bi Siwema hakutabasamu. Alisema mara moja huweza kuwa bahati, na kwamba watarudia maji yakitulia.

Maji yalipotulia, Mshamu aliwahi kuamka akautwaa mgono. Aliujaza uvundo mpaka diko zima likamlalamikia. Somoe alikwenda tena mtoni mikono mitupu. Akasimama maji ya magoti, akaviona vidole vya miguu yake vyote. Aliporudi ghalani alichukua mshipi mwembamba na ndoana ndogo kabisa, akakaa kwenye kivuli cha matete, kimya.

Mgono wa Mshamu ulipata kaa mmoja, naye alionekana kaingia kwa kupotea njia. Perege waliuona mtego wakaupitia kando. Somoe alirudi na perege waliotungwa kamba nzima.

Ndipo Bi Siwema akasimama, akaichukua ndoana yake maarufu. Kila mtu alijua sasa anamkabidhi Somoe. Yeye akampa Mshamu.

"Chukua, baba, maana hii ndiyo uliyoitaka," alisema. "Somoe, wewe shika diko."

Mshamu alishangaa. "Lakini mama, si ndoana hii ndiyo iliyokupa jina?"

"Jina nililipata kabla sijaishika, asubuhi nilipokwenda kuyatazama maji. Hii niliichagua kwa maji ya siku ile tu. Wewe umerithi ndoana yangu, mwanangu. Dada yako amerithi macho yangu."

Kisha mama yule, ambaye hakuwahi kumbebea mtu samaki, alijitwika perege wa binti yake. Nyumbani palikuwa karibu, lakini alipita njia ndefu inayozunguka kijiji kizima, kifua mbele. Kila aliyeuliza samaki hao wamevuliwa na nani, alisimama kumjibu.

Funzo: Kilichokupa ushindi jana kilichaguliwa kwa maji ya jana; yatazame maji ya leo kwanza, ndipo uingie ghalani.