Mguu wa Kulia wa Bi Mwanaidi

Sogeeni, niwape kazi. Msishtuke, hii haihitaji CV, wala mjomba mkubwa ofisini, wala "experience ya miaka mitano" kwa mtu aliyemaliza chuo jana. Inahitaji masikio na kichwa.

Walikuwepo wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Swabra binti Athman, wa Majengo ya Pumwani, Nairobi, alikuwa na jicho. Mpe jedwali la namba, atalisoma kama wenzake wasomavyo nyuso. Chuo kikuu kilimpa shahada ya takwimu. Nchi ikamwongezea miaka minne ya kukaa kibarazani akihesabu wapita njia.

Nyevu, wa Rabai, alikuwa na ulimi. Angekubembeleza hasira zikakushuka, usijue zimeshukia kituo gani. Uwanja wa ndege ulimpa sare, skafu ya shingoni, na mkataba wa miezi mitatu.

Kwamboka, wa Nyamira, alikuwa na mkono. Hakujua kushika kitu bila kukitoa. Alikuwa muuguzi, miaka hamsini na ushei, mrefu, miguu kama ngazi.

Hawakujuana hawa. Kilichowafunga kamba moja ni mguu: mguu wa kulia wa Bi Mwanaidi Shee.

Mwaka uliotangulia, Bi Mwanaidi alipanda basi kwenda mazishini Mombasa, akakaa kitako njia nzima kama gunia la mchele. Aliposhuka, mguu wa kulia umevimba. Damu ilikuwa imeganda ndani. Alilala hospitali wiki mbili, na wanawe wakaanza kunong'onezana mambo ya sanda.

Sasa binti yake Maimuna yuko Amerika, mjamzito wa mtoto wa kike. Kapangiwa kupasuliwa Alhamisi. Mumewe ni baharia, meli yake iko upande wa pili wa dunia. Pale hana dada, hana shangazi, hana hata jirani wa kuazima chumvi.

"Mama," alilia kwenye simu, "nikilazwa kitandani, mtoto atapokewa na nani?"

"Na mimi," Bi Mwanaidi akasema, kabla hajaukumbuka mguu.

Daktari ndiye aliyemkumbusha. "Ndege ya masaa kumi na tano, bibi. Lazima uunyooshe huo mguu na uinuke mara kwa mara. Ukijua utabanwa katikati ya watu, afadhali usiende. Utashushwa umebebwa."

Basi Bi Mwanaidi akaweka ahadi. Alimwambia Maimuna: "Atakayenifikisha kwa miguu yangu, mtoto nampa jina lake." Na jina kwa watu wa Majengo si kibandiko. Ukiitiwa mtoto, huyo ni somo wako. Idi ikifika unamkumbuka kwa nguo, akiolewa unakaa mbele, na siku ukifa jina lako bado linaitwa uani likaoge.

Swabra, jirani yake hapo Majengo, akaja na simu yake yenye kioo kilichopasuka, akafungua ramani ya viti.

"Nipe cha mbele," Bi Mwanaidi akasema. "Kama harusini."

"Nyanya, mbele ni kwa wenye nchi. Sisi tunaanzia safu ya ishirini."

"Haya, hiki cha karibu na mlango. Naona miguu ina uwanja."

"Huo ni mlango wa dharura. Wanataka mtu wa kuufungua ndege ikipata shida. Utaweza?"

"Ikipata shida nitaung'oa, na rubani juu yake."

"Nyanya!"

Swabra akaendelea kuchambua. Safu ya mwisho, mgongo wa kiti haulali, na choo kiko puani. Kiti cha dirishani, kila ukitaka kuinuka unawaamsha watu wawili. Kilichobaki ni cha njiani. Hapo mtu mwingine angefunga simu akajiona amemaliza. Jicho la Swabra halikufunga.

"Mguu mbovu ni wa kulia, siyo? Basi njia yenyewe iwe mkono wa kulia. Ikiwa kushoto, utamnyooshea jirani mguu mapajani. Kwa hiyo ni herufi mbili tu katika ndege nzima: C au F. Na nakutakia C ya safu ya thelathini na moja, choo hakiko mbali wala hakinuki."

Tatizo ni kwamba viti vile vilifunguliwa siku moja kabla ya safari, saa saba mchana kamili, na vizuri huisha kama mahamri ya alfajiri. Na siku hiyo hiyo Swabra alikuwa ameitwa intavyuu, ya kwanza baada ya miaka miwili. Walimwambia saa tatu. Mnajua saa tatu yao. Kufika saa saba bado wamepanga watu koridoni, Swabra ni nambari arobaini na saba, wa arobaini na sita ndiyo kwanza ameingia. Mle ndani intaneti haishiki. Akautazama ule mlango, akaitazama simu. Akatoka nje kwenye jua, akabonyeza 31C. Aliporudi, wa arobaini na nane ameshakaa kitini.

"Nambari yako imepita," bawabu akamwambia. "Next means next, madam."

Bi Mwanaidi hakuambiwa lolote. Alipewa karatasi tu, mistari minne kwa herufi kubwa: *Mguu wa kulia. Njia iwe kulia. Simama kila baada ya saa moja na nusu. Maji, si soda.* Swabra mwenyewe akaibana kwa pini kifuani mwa buibui, kama mtoto anayepelekwa nasari.

Kesho yake, kaunta ya uwanja wa ndege. Ndege ilikuwa imebadilishwa na viti vikachanganywa upya. Nyevu akaitazama kompyuta, akamtazama bibi.

"Nyanya, sistimu imekuweka 44B."

"Ndiyo wapi huko?"

"Katikati. Nyuma kabisa."

Bi Mwanaidi akafunua buibui kidogo, karatasi ikaonekana. "Mwanangu, hicho kwangu ni jeneza lenye mkanda."

Nyevu akasoma ile mistari minne. C na F zilizobaki zilikuwa zimefungiwa wanaoongeza nauli, na yeye alikuwa na wiki ya tatu tu kazini. Akamfuata msimamizi wake. Alimbembeleza kwa Kiswahili, akambembeleza kwa Kiingereza, akamtajia mama yake na miguu ya mama yake. Yule bwana akalainika nusu.

"Policy ni policy, Nyevu. Mimi sitii sahihi. Ukitaka kumpa, weka jina lako mwenyewe, na likikurudia usinitaje."

Nyevu akaweka jina lake. 31C ikarudi kwa mwenyewe. Na lile jina likamrudia kweli: kabla ya wiki kwisha alipewa barua, mkataba wake ukiisha hautaongezwa. Siku ile lakini alitabasamu tu, akamwandikia Bi Mwanaidi namba yake nyuma ya ile karatasi. "Ukifika, nibipu, nyanya."

Sasa sikilizeni kosa. Na ni kosa ambalo mtu asiyelelewa kwa "karibu" hawezi kulifanya.

Bi Mwanaidi amefika 31C. Ameketi, ameunyoosha mguu, ameshukuru Mungu. Kijana mmoja wa suti mpya akamwinamia.

"Mama, shikamoo. Samahani sana. Huyo hapo pembeni yako ni mke wangu, tumeoana Jumamosi, na anaogopa ndege. Mimi wamenitupa 36E. Sijui kama..."

Hakumaliza. Ulimi wa Bi Mwanaidi ulikuwa umeshatangulia. "Karibu, mwanangu! Karibu, kaa na mkeo. Mke na mume watenganishwe na kipande cha karatasi?" Na tayari amesimama, na tayari anaondoka na mkoba wake, na bibi harusi anambusu mkono.

Alipofunga mkanda wa 36E, mtu kushoto, mtu kulia, magoti kwenye kiti cha mbele, ndipo alipoikumbuka karatasi. Akaanza kutokwa na jasho.

Aliyekaa kulia kwake, 36F, alikuwa Kwamboka.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Mjinga tu." Akamweleza.

"Si umwite huyo kijana arudi kwake?"

"Mwanangu, ukishamkaribisha mgeni mkekani, utamwambia ainuke?"

Kwamboka akaisoma ile karatasi iliyobanwa kifuani. *Njia iwe kulia.* Akatazama mkono wake wa kulia. Njia hiyo hapo. Kiti hicho alikuwa amekilipia nauli ya ziada, kwa sababu ya ile miguu ya ngazi, na kwa sababu kesho yake asubuhi alikuwa na mtihani wa vitendo katika hospitali ya huko. Alihitaji kufika ameshalala vya kutosha.

"Hamia hapa."

"Nimetoa kimoja, nipokee kingine? Watasema nafanya biashara ya viti."

"Nani atasema? Mama, hamia, usinichoshe."

Kwa masaa kumi na tano Kwamboka alikaa katikati, magoti yamemfika kidevuni. Kila baada ya saa moja na nusu alimgusa bega Bi Mwanaidi: "Mama, matembezi." Walikwenda hadi jikoni nyuma, wakarudi. Bi Mwanaidi akaomba soda, akapewa maji. Alisinzia vizuri, Kwamboka hakusinzia. Asubuhi ile alikosea hatua mbele ya watahini kwa usingizi, wakamwambia arudi baada ya miezi mitatu.

Lakini Bi Mwanaidi alishuka kwenye ndege kwa miguu yake. Miwili, yote sawasawa.

Alhamisi, mlango wa chumba cha upasuaji ulifunguliwa, na mtoto akawekwa mikononi mwa nyanya yake. Bi Mwanaidi alilia hadi wale wauguzi wa kigeni wakamletea kiti, naye akakataa kukaa. Alisema Alhamdulillahi mara tatu, na kila mara akaifuatisha na jina: Swabra, Nyevu, Kwamboka.

Siku ya saba ikafika. Kule Amerika nyumba ni ndogo, kengele ya moshi imefungwa leso ili ubani upate kufukiza. Wembe ulikuwa umeshapita kichwani mwa mtoto. Bi Mwanaidi akawapigia wote watatu kwa simu moja, akawaeleza ile ahadi ya jina, na ndipo kila mmoja alipojua kilichomgharimu mwenzake.

"Masikini, Swabra," Nyevu akasema. "Intavyuu!"

"Masikini wewe na barua yako. Karibu kibarazani, nafasi ipo."

"Yule bwana harusi naye, niliyemsimulia yote tulipotua, kaniletea salamu," Bi Mwanaidi akawaambia. "Anadai bila yeye nisingekutana na Kwamboka, kwa hiyo mtoto aitwe kwa jina la mkewe."

"Mwambie akae hapo hapo 31C," Swabra akasema, na simu zote zikacheka.

Kicheko kilipokwisha, Maimuna akasema taratibu kutoka kitandani, "Mama, fomu ya hapa ina nafasi moja ya jina la mtoto. Zinazofuata ni za baba na ukoo."

Swabra akaisogeza simu mdomoni.

"Nyanya, mimi sitajifanya," Swabra akaanza. "Asante yako inanitosha, wallahi. Lakini mimi jina langu limekaa kwenye bahasha za maombi mia tatu na hakuna aliyeliita. Siku lilipoitwa, nilikuwa nje nakutafutia kiti. Nakiri kile kiti ulikigawa. Lakini bila ile karatasi, nani angejua ni kiti gani?"

"Karatasi ilisomwa na mimi kwanza," Nyevu akasema, kwa ule ulimi wake. "Bila mimi ungeisoma ukiwa 44B, nyanya, na Kwamboka yuko mbele huko wala hakujui. Usingekuwa na cha kumpa bwana harusi, usingefika 36. Mimi niliandika jina langu kwa ajili yako. Ni haki jina hilo liandikwe tena mahali pazuri."

Ikafika zamu ya Kwamboka. "Wapeni hawa watoto," akasema. Kisha akavuta pumzi. "Lakini kwa kuwa leo ni siku ya kusema kweli... Mimi sikuzaa. Hili jina ni la nyanya yangu, na linaishia kwangu. Wao walitafuta kiti, mama. Mimi nilikuwa nacho, nikainuka."

Kila mmoja alikuwa amesema kweli, na Bi Mwanaidi alilijua hilo. Moyo ulimjaa shukrani hadi ukamwelemea. Akaunyoosha ule mguu wa kulia juu ya mkeka, mguu mwepesi, usio na uvimbe. Akamwinua mtoto, akasogeza mdomo kwenye sikio dogo. Huko upande wa pili, simu tatu zimebanwa masikioni.

Nami naishia hapo mdomo ulipo. Usiniambie "wote wanastahili", hilo analijua hata bawabu wa intavyuu. Nafasi ni moja na mtoto anangoja. Ungekuwa wewe ndiye Bi Mwanaidi, lile sikio ungelinong'oneza jina la nani?