Mpingo Usiokuwa na Pete

Hapo zamani, katika kijiji cha Namihu, ambako watu waliujua umri wa mninga kwa kuhesabu pete za shina lake, upepo uliangusha tawi la mpingo mkubwa ulioota kando ya chemchemi. Jumbe Mbonde akalikata tawi lile, akachungulia ndani. Weusi mtupu. Pete hata moja haikuonekana.

"Mti gani huu usiotimiza hata mwaka?" akacheka. "Kumbe ni mtoto mchanga! Ukatwe leo. Mhunzi Ngayonga auchome mkaa, atufulie majembe."

Huko Namihu, mti uliowapokea wazee walipohamia haukuguswa na shoka, kwa kuwa wenyewe ndio mwenyeji na watu ni wageni wake. Mti ulioota baada yao ulikuwa kuni tu.

Shangazi Zamoyoni alipoisikia amri hiyo, aliitwaa kamba ya nyumba yao. Bibi yake ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza kuzaliwa Namihu, na siku aliyozaliwa ulipandwa mpingo nyuma ya nyumba yao. Tangu hapo, kila baada ya mavuno, wanawake wa nyumba hiyo waliuzungushia kamba na kupiga fundo mahali ilipokutana. Kamba ilitoka kwa bibi ikaja kwa mama, ikatoka kwa mama ikaja kwa Zamoyoni. Kwake ingekomea, maana hakujaliwa mtoto.

Akaenda nayo barazani. "Jumbe, mpingo wetu una umri wa kijiji hiki. Tazama fundo la mwisho: haujapita unene wa paja langu. Ule wa chemchemini watu wawili hawaukumbatii. Pete hauna, lakini umri unao."

"Shangazi, hata hilo paja lingekunywa chemchemi kila siku, lingenenepa vilevile!" Watu wakaangua kicheko. Hata hivyo, Jumbe aliyazuia mashoka. "Mwenye ushahidi mwingine aulete kabla jua halijatua."

Ndundule, mrina asali, akaukwea mti. Mahali tawi lilipong'oka palikuwa na uwazi wenye nyuki wakali, naye hakuwasha moshi, akichelea moto usije ukauteketeza mti kwa ndani. Aliposhuka, macho yalikuwa yamefumba kwa uvimbe, na mkononi ameshika kulabu ya chuma aliyoichokoa ndani ya mti kwa kisu.

"Ya kutundikia mzinga," alisema kwa midomo iliyofura. "Mti umeimeza. Aliyeitundika aliukuta mti mkubwa tayari."

"Nani huyo? Babu yako au babu yangu?" akauliza Jumbe.

Macho yote yakamgeukia Ngayonga, mjuzi wa chuma. Zamoyoni akakata tamaa, kwani kiwanda cha mhunzi yule kilikuwa kimepoa kwa kukosa mkaa, na mkaa alioahidiwa ulikuwa ndio huo mpingo.

Ngayonga akaigeuza kulabu kiganjani. Kisha akasema: "Sisi hukunja chuma. Hiki kimesokotwa kama kamba. Ni kazi ya wale walioishi hapa kabla yetu, tuliokuta mahame yao. Mti huu ni mwenyeji wetu, Jumbe." Akaukunja mfuko wake mtupu wa mkaa, akaukwapatia.

Mti ukasalimika. Ikabaki ada: mti mwenyeji huitwa kwa jina la mtu mmoja aliyeutambulisha, na jina hilo hutajwa kila maji yanapotekwa.

"Mimi nimetoa uso wangu," akasema Ndundule. "Bila kulabu, mhunzi angetambua nini?"

"Uvimbe utanywea, ndugu yangu. Mkaa wangu haurudi," akajibu Ngayonga. "Ningenyamaza, nani angejua?"

"Kama si kamba," akasema Zamoyoni, "wewe mrina ungekwea kisiki, nawe mhunzi ungekuwa unafukuta moto sasa hivi." Halafu akautazama uso ule uliovimba, akautazama na ule mfuko mtupu, sauti ikampungua. "Lakini nyinyi mna watoto wa kuwaita kwa majina yenu. Mimi nina mafundo."

Jumbe Mbonde akakuna kichwa. Aliyeshika kamba maisha yake yote, aliyetia mkono kwenye nyuki, aliyesema kweli ikamvunjia riziki: kila mmoja alimvuta upande wake.

Nanyi mnaonisikiliza, wanawake wamekwisha inama chemchemini, mitungi inajaa, nao wanangoja kuambiwa: mti huu wauite kwa jina la nani?