Mkate Uliopoteza Alama

Inasimuliwa kutoka kwa waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja mdogo ukingoni mwa jangwa palikuwa na tanuri moja tu la kuokea mikate, likisimamiwa na mcha Mungu aitwaye Bi Muadha. Kila nyumba ilileta donge lake, na kila nyumba ilikuwa na alama yake, iliyobonyezwa juu ya donge kwa kokwa ya tende: huyu kokwa moja, yule mbili, mwingine tatu. Na ilikuwa ada ya mji ule kwamba mikate ikichanganyika, hawaulizwi watu wazima. Huulizwa mtoto ambaye hajabaleghe, kwa kuwa ulimi wake, walisema, bado haujachafuka. Neno la mtoto ndilo lililomaliza shauri.

Mwaka mmoja mvua zilikatika na unga ukawa adimu. Unaysa, binti wa miaka tisa, alitumwa tanurini na donge la shayiri, unga wa mwisho wa nyumba yao. Baba yake alikwisha kufariki. Nyumbani walibaki mama yake na mdogo wake Hudhayfa, ambaye tangu jana yake hakutia kitu tumboni ila maji na tende mbili. Msafara wa ngano ulitarajiwa baada ya siku mbili, na mkate huo ndio ungewafikisha.

Alasiri ile tanurini ilibaki mikate miwili tu: wa kina Unaysa na wa Bi Khawla, ajuza wa jirani aliyekuwa amefunga. Bi Muadha alipoinuka kwenda kuswali alisema, "Binti yangu, zamu ya kulinda ni yako. Igeuze yote miwili, usiondoke."

Unaysa akaugeuza wa Bi Khawla. Kabla hajaufikia wa kwao, rafiki yake Lubaba, aliyekuwa amekaa mlangoni, akarusha kokoto za mdako juu na kuzidaka. "Njoo tucheze, au unaogopa kushindwa tena?"

Akaenda. Mchezo mmoja ukazaa wa pili, na wa pili ukazaa wa tatu.

Harufu ndiyo iliyowashtua. Mkate mmoja ulikuwa umeungua juu ukawa mweusi. Wa pili umeiva vizuri, lakini umeumuka na kupasuka palepale penye alama. Bi Muadha aliporudi aliitoa, akaigeuzageuza, asione kokwa hata moja.

"Subhanallah! Basi mtoto ni wewe, Unaysa, na utaulizwa wewe. Ngoja nimwite Bi Khawla, haki ya mtu haikatwi mwenyewe hayupo."

Alipotoka tu, Lubaba akasogea. "Sema wa kwenu ni huo mzuri."

"Wa kwetu ndio ulioungua."

"Najua, na wewe unajua, basi. Hujabaleghe wewe! Kalamu ya malaika haijakushukia, hakuna kinachoandikwa. Mwalimu si alitufundisha?"

"Alitufundisha."

"Sasa? Unataka Hudhayfa ale makaa?"

Unaysa akautazama mkate mzuri ukitoa mvuke, mate yakamjaa kinywani. Alilipima neno la Lubaba, asione palipo na uongo. Kisha akamkumbuka mama yake, jinsi anavyowagawia watoto kwanza, halafu akakusanya chembe zilizobaki kwenye kitambaa na kuzipigia bismillahi.

"Kalamu ya mama yangu imeshashuka," akasema.

"Mama yako hatajua."

"Nitajua mimi. Nitakaa nimwangalie akipiga bismillahi juu ya futari ya mtu."

Bi Khawla akaingia na fimbo yake. "Haya mjukuu wangu, sema. Nasikia mmoja umekuwa kaa. Kama ni wangu nitauloweka, meno yenyewe ya kutafunia sina."

Lubaba akamkonyeza: umesikia?

Unaysa akasimama wima. "Ulioungua ni wetu, Bibi. Wako niliugeuza, wetu sikuugeuza. Nilikuwa nacheza."

Lubaba akasonya. Bi Khawla akauchukua mkate wake, akamwombea dua, akaenda zake, kwani naye alikuwa na njaa.

Nyumbani mama alishika kisu akaukwangua mkate. Weusi ukaanguka, na ukaanguka, hata kilichobaki kikawa kama nusu. Alisikiliza habari yote bila kuacha kukwangua. Hakumsifu mtoto, wala hakumpiga.

"Umesema kweli," alisema. "Na tanuri hukulilinda. Yote mawili ni yako."

Akawagawia watoto. Hudhayfa akalia kwa uchungu wa masizi, kisha akala. Mama akakusanya chembe, akasema, "Bismillahi." Unaysa akamwangalia akila, wala hakuinamisha macho.

Msafara haukufika siku ya pili, ulifika ya tatu. Walikunywa maji wakasubiri.

Ndugu zangu, kalamu itamshukia kila mtoto siku yake ikifika. Heri yule ambaye ikimshukia itaukuta ulimi wake umekwisha kuizoea njia ya kweli.