Kibuyu cha Mama Nakijwa

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale, kwa sababu nikimaliza nitauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Kule milimani Upareni palikuwa na ndugu watatu. Senkondo, fundi wa magari, alikuwa na pua. Gari likipita tu barabarani, alikwambia kama breki zinaungua. Naetwe, kitinda mimba, alikuwa na ulimi. Mtu aliyenuna akikaa naye kidogo, huondoka anacheka na amesahau alichonunia. Nakijwa, mkubwa wao, alikuwa na vidole. Alikuwa fundi cherehani, na nguo aliyoitia kiraka hata mwenyewe haoni palipochanika. Ila huyu Nakijwa alikuwa ameachika, amerudi kwao na cherehani yake, analala kwenye chumba cha mahindi. Kila jirani aliyepita alimuuliza anaondoka lini, na swali hilo lilimchoma.

Mama yao alikuwa na bustani nyuma ya nyumba, wala hakumruhusu mtoto yeyote kuikanyaga. "Mtanivunjia miche," alikuwa akisema. Basi wakakua wakila mboga bila kushika jembe. Mwaka mmoja nyonga ikamlaza, ikabidi apelekwe hospitali bondeni. Kabla ya kuondoka akashusha kibuyu chake cha mbegu. Panya walikuwa wamekiingilia. Zilibaki mbegu chache za boga la mama yake, lile gumu linalodumu kiangazi kizima, na kijijini hakuna mwingine aliyekuwa nazo.

"Zipandeni," akasema. "Mimi sitainama tena. Atakayeniokolea boga hili nampa kibuyu, na mwenye kibuyu ndiye mwenye bustani. Ndivyo nilivyoachiwa na mama. Haigawanywi."

Nakijwa moyo ukamwenda mbio. Mwenye bustani haulizwi anaondoka lini.

Wakapanda. Na kwa ugeni wao wa kazi, wote watatu wakazoa samadi mbichi zizini, ingali inafuka mvuke, wakaimwaga mashinani wakisema mama atashangaa. Kweli angeshangaa. Miche ikaanza kunyauka, nao wakazidi kumwaga. Mwishowe ukabaki mmoja.

Asubuhi moja Senkondo akasimama ghafla karibu na mche huo. "Nasikia harufu ya kitu kinaungua," akasema. Wenzake hawakusikia chochote. Akatia mkono ardhini, akakuta udongo una moto. Akafukua samadi yote kwa mikono mpaka kucha zikachubuka, akaurudishia mche udongo baridi wa mgombani. Angechelewa hadi jioni, hadithi yangu ingeishia hapa.

Mche ukashika, ukatambaa, ukatoa ua na kijiboga. Ndipo jua likakaza. Kule maji hutoka kwenye ndiva, bwawa la kijiji, na kila nyumba ina zamu yake ya mfereji. Lakini nyumba isiyotoka kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzoa tope bwawani, hupoteza zamu. Mama alitoka miaka yote, na wanawe hawakujua hata siku yake. Walipofika mferejini wakakuta zamu yao kapewa mwingine, na nyumbani majani ya boga yamelala chini.

Naetwe akaenda kwa Mzee Mrutu, msimamizi wa ndiva, ambaye hakuwahi kumrudishia mtu zamu. "Baba, sikuja kujitetea. Tumekosa," akasema. "Nimekuja kuuliza tope letu ni kiasi gani." Mzee akamtazama, akamwonyesha kigoda. Wakazungumza mpaka chai ikapoa, na Naetwe aliposimama alikuwa amepewa tope la kuzoa, na maji siku ileile.

Maji yakaja, tena kwa fujo, maana hakuna aliyejua kuyapunguza kwenye mlango wa mfereji. Yakauburuta mche, shina likapasuka karibu na mzizi, likabaki limeshikwa na ganda jembamba. Naetwe akaanza kulia. Senkondo akasema basi, imekwisha. Nakijwa alikuwa na hofu kuliko wote, lakini vidole vikashika kazi. Akachana utepe wa kanga yake, akaukutanisha mpasuko, akauzungushia taratibu kama anayekunja pindo, akaweka kijiti pembeni na tope juu. Kesho yake akashinda pale na mwavuli, akilikinga na jua. Shina likaunga, na boga likakomaa.

Mama akarudi na magongo. Boga likapasuliwa, mbegu zikajaa sinia. Akazitia kibuyuni, akakiziba, akauliza, "Nani?"

"Bila pua yangu mche ungeungua," akasema Senkondo. "Na mimi nataka kuoa, nahitaji mahali."

"Bila ulimi wangu ungekauka," akasema Naetwe. "Na lile tope nililizoa mimi."

Nakijwa alikuwa anatazama chini. Senkondo akamwona, akalegea. "Basi, mama, mpe dada," akasema. "Hana pa kwenda."

Hapo Nakijwa akainua kichwa. "Kama ni kwa hilo, sikitaki," akasema. "Nililiunga shina. Nipeni kwa hilo, au msinipe."

Mama akanyoosha mkono wenye kibuyu, na mkono ukabaki hewani.

Haya, mama wa watu anachoka na magongo yake. Ungekuwa wewe, kibuyu ungemkabidhi nani? Na ukimtaja Nakijwa, sema mbele yetu sote: umempa kwa vidole vyake, au umemhurumia?