Kifaru na Fimbo Zilizolala

Zamani za kale hizo, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na mashamba yao, walikuwa pia na kiwanja cha gofu. Mchezo wenyewe ni kupiga kijipira kwa fimbo mpaka kitumbukie shimoni.

Bwana Kifaru alikuwa na wiki mbili tu tangu aanze. Akipiga, fyuu, fimbo inakata upepo, kijipira kimekaa palepale. Akirudia, bwaa, udongo unaruka. Nyati alimcheka mbele za watu mpaka Kifaru akapandwa na hasira, wakaahidiana: mwisho wa mwezi washindane, na atakayeshindwa asioge tena kwenye tope la bondeni.

Alipofika nyumbani, Kifaru alijuta. Tope lile ndilo lililokuwa raha yake yote.

Asubuhi akaenda kwa Nguchiro, mchonga fimbo.

"Fimbo zangu mbovu," akasema. "Nataka nzuri kuliko zote."

Nguchiro akazigeuzageuza, akamtazama mteja wake. "Kweli, mzee, hizi hazikufai. Niachie nizitupe. Kesho njoo na magunia mawili ya viazi vitamu."

Kesho yake Kifaru akapewa fimbo nyekundu zinazong'aa.

"Zina masharti," Nguchiro akasema. "Bado zimelala. Uziamshe kila siku kwa mipira mia, polepole, macho kwenye mpira. Ukitumia nguvu zitavunjika."

Kifaru akaogopa kuzivunja. Akapiga polepole, kila siku mia. Siku ya kumi, ta, mpira ukaenda moja kwa moja.

"Zinaamka," akajisemea, akizipapasa kama mtoto mchanga.

Siku ya mashindano Nyati alishindwa vibaya. Kifaru akiwa njiani kurudi, mvua ikanyesha. Rangi nyekundu ikachuruzika, na chini yake zikaonekana alama za meno. Akazitazama sana. Yalikuwa meno yake mwenyewe, ya siku aliyoitafuna fimbo kwa hasira.

Akamwendea Nguchiro, pembe ameiinamisha.

"Hizi ni fimbo zangu za zamani."

"Ndizo, mzee."

"Na viazi vyangu?"

"Ada ya mwalimu. Ningekuambia bure ufanye mazoezi, ungenisikia?"

 Kifaru akauliza, "Basi mpya ninunue lini?"

"Siku utakapoweza kunieleza fimbo imekukosea nini. 'Mbovu' si maelezo."

Kabla hajajibu, Nyati akabisha hodi, hana raha. "Bwana Kifaru, nalitaka tope langu. Tatizo ni fimbo zangu, mbovu kabisa. Hizo zako ulizipata wapi?"

Kifaru akamtazama Nguchiro. Nguchiro akatazama dari.

"Hapahapa," Kifaru akasema kwa upole. "Ila andaa viazi, ndugu yangu. Na ujue, zinakuja zimelala."

Ndiyo hivyo, wanangu: anayeanza auzoeze mkono wake kwanza, fimbo mpya itamsubiri.