Moto wa Kwanza Katika Nyumba ya Nguchiro

Zama zile za kale, wajukuu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupokea wageni kama sisi, nchi yao ilikuwa na sheria moja. Nyumba mpya haikuwa ya aliyeijenga. Ilikuwa ya yule aliyewasha moto wa kwanza ndani yake na kukaa nao mpaka ukawa makaa, majirani wakishuhudia nje. Sheria iliwekwa ili mtu asijenge nyumba akaiacha tupu. Fisi aliipenda kuliko wote, kwa sababu hakujua kujenga.

Nguchiro alijenga nyumba yake ya kwanza peke yake. Alipokwenda kumchukua mkewe na watoto, Fisi aliita majirani, akaingia, akawasha moto, akauota mpaka ukawa makaa. Nguchiro aliporudi alikuta nyumba ina mwenyewe. Masika hayo familia yake ilikaa chini ya gogo, na mtoto wao mdogo akafa kwa baridi.

Mwaka uliofuata mkewe alikuwa mjamzito, na mawingu yalikwisha kuanza kukusanyika.

"Kujenga unaweza, mume wangu," alisema mkewe. "Kuizuia nyumba isichukuliwe huwezi. Safari hii usijenge peke yako."

Nguchiro alikwenda kwanza kwa Nyati, mkuu wa majirani, akamwomba alinde mlango. Nyati akakataa. Alisema yeye ni shahidi, na shahidi akishika upande si shahidi tena. Atakaloliona atalisema, liwe zuri kwa Fisi au kwa Nguchiro.

Kisha akaenda kwa Muhanga, yule mchimbaji mwenye pua ndefu. Naye alikwisha kunyang'anywa nyumba mbili na Fisi, kwa hiyo alikubali kabla maneno hayajaisha. Alichotaka ni chumba cha nyuma chenye giza, asisumbuliwe usingizi mchana.

Kobe hakuwa mwepesi hivyo. Nguchiro alimkuta akitafuna majani.

"Nyumba ninayo mgongoni," alisema Kobe. "Ya kwako ya nini?"

"Hiyo ya mgongoni, mzee, unaweza kumpangisha mtu?"

Kobe akaacha kutafuna.

"Chumba kimoja kitakuwa chako," Nguchiro akaendelea. "Ukae mwenyewe, au uweke mpangaji awe anakuletea mboga."

"Na kazi yangu?"

"Kukaa mahali pamoja bila kutikisika."

"Hiyo naiweza," alisema Kobe. "Lakini hilo la chumba ukalitamke mbele ya Nyati."

Wakaenda, likatamkwa.

Walichagua kichuguu kikubwa kilichohamwa na mchwa. Muhanga akachimba, udongo ukaruka, pwaa, pwaa. Alichimba vyumba, katikati akaweka jiko, na juu kabisa akatoboa tundu moja la moshi. Tundu hilo Nguchiro alilisimamia mwenyewe. Walimpandisha Kobe, wakamjaribu. Lilikuwa kubwa, Muhanga akaongeza udongo pembeni. Wakamjaribu tena, na tena, mpaka akatulia juu yake kama kifuniko kwenye chungu.

Ndipo Nguchiro akaeneza habari kwamba kesho yake anahamia.

Asubuhi na mapema Fisi akafika, kijinga cha moto mkononi, majirani nyuma yake. Kobe alikwisha kupandishwa, na Muhanga alikuwa kajibanza upande wa pili. Nguchiro alikuwa mlangoni na mzigo wa kuni kavu. Akamwamkia kwa adabu.

"Marahaba, fundi wangu," Fisi akaitikia. "Mwaka huu umenijengea vizuri zaidi."

Nguchiro akainamisha kichwa. "Sina nguvu za kukuzuia, bwana. Naomba jambo moja tu. Washa kwa hizi kuni kavu. Zile za ndani ni kuni za uzazi, mke wangu kajiwekea."

"Mkeo atazalia wapi mpaka aziweke kwangu?" Fisi akauliza, akacheka, akaingia. Akazichukua zile zile za ndani, akazijaza jikoni zote. Zilikuwa mbichi, zimekatwa jana.

Waliokuwa nje walisikia akipuliza moto. Baada ya kitambo wakamsikia akikohoa, kho, kho. Nyati akauliza mlangoni kama moto umekuwa makaa. Fisi akajibu kwamba bado, wasubiri. Kikohozi kikazidi. Vyungu vikapigwa teke, kitu kikajigonga ukutani, kisha Fisi akatoka mbio, macho yakimchuruzika, akajitupa kwenye majani.

"Bwana Fisi," Nyati akauliza, "moto umekuwa makaa?"

"Makaa gani? Hiyo si nyumba, ni tanuri. Anayeitaka aichukue."

Nyati akawageukia majirani, akawauliza kama wamesikia. Walikuwa wamesikia.

Nguchiro akaita juu. Kobe akashuka taratibu, tumbo lake jeusi kwa masizi, na moshi wote ukapanda moja kwa moja angani. Fisi akalitazama tundu, akalitazama tumbo la Kobe.

"Mmeniziba moshi," alisema. "Nyati, umeona?"

"Nimeona," alijibu Nyati. "Kobe alikaa juu ya tundu. Wewe ulitoka kabla ya makaa, na ulisema anayeitaka aichukue. Yote nimeyaona."

"Huo si udanganyifu?"

"Ni udanganyifu. Na hiyo nyumba, wewe uliijenga lini?"

Fisi akajipangusa macho, akaenda zake.

Kuni mbichi zikatolewa. Mke wa Nguchiro akaingia na zile kavu, akawasha moto, akakaa nao mpaka ukawa makaa. Kwa sheria nyumba ikawa yake, si ya mumewe, na Nguchiro hakulipinga hilo. Mvua ya kwanza iliponyesha mke alikuwa ndani, na mtoto aliyezaliwa wiki hiyo hakujua baridi. Muhanga alilala chumba cha nyuma. Kobe alimpangisha Panya Buku na wanawe chumba chake, akaletewa mboga kama alivyoambiwa. Kiangazi kilipofika Nguchiro, Muhanga na Kobe wakaanza kuchimba nyumba ya pili, wote watatu.

Funzo lake ni hili: anayetaka nyumba atafute kwanza wenzake, na sehemu yao aitaje mbele ya mashahidi.