Kipande Cheupe cha Sabuni

Jamani, kisa hiki kimenifikia asubuhi nikiwa na povu mikononi. Niliacha vyombo nikakisoma mara ya pili. Kisome taratibu, kisha mpelekee yule unayemnunia.

Palikuwa na mama mmoja akiitwa Bi Raya, fundi wa sabuni ya nazi. Si ya kiwandani, ya jikoni kwake mwenyewe. Hukuna nazi, akachuja tui, akalichemsha mpaka mafuta yakajitenga. Mafuta huyachanganya na maji ya magadi makali ya sabuni, akakoroga mpaka bega likamuuma. Uji ukishakuwa mzito huumimina kwenye kasha la mbao. Ukiganda huukata vipande, akavipanga juu ya uchaga, penye upepo.

Mwanawe alipooa, alimleta mkewe, Zume, waishi kwa mama. Zume alikuwa mcheshi na mchapakazi, ila moyo wake haukukawia kuingia donge. Na donge lenyewe liliingia kwa ajili ya sabuni.

Kila sabuni mpya ikikatwa, Bi Raya huchukua kipande cheupe, laini, kinachong'aa, akaingia nacho bafuni peke yake. Zume, na mtoto wake mchanga alipozaliwa, wakipewa vya zamani, vilivyokauka, vilivyosinyaa na kuingia umanjano.

"Mama, na mimi nipe kimoja cha leo," Zume aliomba siku moja.

"Hicho si chako, mwanangu. Chako hicho hapo."

Basi! Maneno mafupi, lakini Zume aliyatafuna siku nzima. "Mwana wa mwenzio hapendwi," alijisemea. "Yeye ale nyama, sisi tugugune mifupa."

Na wakati huohuo, kila aliyempakata yule mtoto alishangaa. "Mashallah, ngozi nyororo hii! Mnamfanyia nini?" Zume hujibu kwa maringo, "Kwetu sote ndivyo tulivyo." Haya bwana.

Donge likakua. Asubuhi moja Zume akafunga nguo zake kwenye kanga, ameazimia kurudi kwao na mtoto, hata asiage. Lakini akasema, siondoki kabla sijamwogesha mwanangu kwa kile tulichonyimwa. Akapanda juu ya kiti, akachukua uchagani kipande cheupe kilichokatwa saa ileile. Akaketi uani na beseni la maji, mtoto mapajani, akaanza kukisugua kiganjani kitoe povu.

Bi Raya alikuwa akirudi kutoka kisimani. Alipoona, aliitupa ndoo, akakimbia utadhani hana magoti mabovu, akampiga Zume mkono. Sabuni ikarukia mchangani.

Zume akawaka. "Hata mjukuu wako unamnyima! Sabuni tu, mama? Naondoka, nguo zangu nimeshafunga!"

Bi Raya alikuwa akihema. Akakaa chini, akakunja mikono ya gauni lake, ambayo hakuwahi kuikunja mbele ya mkwe wake. Zume akatazama. Ngozi kuanzia kifundo cha mkono hadi kiwiko ilikuwa nyekundu, imepasukapasuka, mahali pengine imebabuka.

"Sabuni mbichi inaunguza, mwanangu," alisema. "Ikikaa juu ya uchaga wiki baada ya wiki, ukali unatulia, inakuwa hiyo unayoiona mbaya. Na magadi hayafanani, mengine makali kupita kiasi. Sasa nitajuaje kama imetulia? Najisugulia huku juu ya mikono tangu siku inapokatwa, tena na tena. Isiponiwasha ndipo nampa mtoto. Mpishi anaonja kwanza."

Hapo ndipo Zume alipohisi kiganja chake mwenyewe kinawaka moto. Akakitumbukiza upesi kwenye maji.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekwambia, ungeniacha nijaribu?"

Zume alilia kama mtoto. Akaishika ile mikono, akaipaka mafuta ya nazi polepole, kutoka kifundo hadi kiwiko. "Ahsante, mama. Ahsante kwa zile siku zote nilizokuwa nimenuna na wewe unaungua." Kisha akaenda kuifungua kanga yake, akazirudisha nguo mahali pake. Mtoto akaogeshwa kwa kile kipande cha manjano, akacheka majini.

Toka siku ile, akiulizwa siri ya ngozi ya mtoto, Zume hasemi tena habari za kwao. Husema, "Ni mikono ya bibi yake."

Na sabuni nyingine ilipokatwa, Bi Raya alinyoosha mkono kuchukua kipande cha kwanza, asikikute. Aligeuka akamwona Zume mlangoni mwa bafu, amekunja mikono ya gauni.

"Leo naonja mimi, mama. Wewe pumzika."

Funzo: Kabla hujalalamika kwamba umepewa kilichochakaa, uliza ni nani aliyeungua ili kikufikie kimepoa, na ukishamjua, mshukuru angali anakusikia.